Rege Niliyofundishwa Kinuni

Niliajiriwa kwa sababu ya nywele. Meneja wa hoteli moja hapa Dodoma aliona rasta zangu zimefika mabegani, akadhani nimeshaiva, akanipa mwezi mmoja wa majaribio kama mwimbaji wa rege. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu. Historia ya Jamaika niliijua pamoja na tanbihi zake. Kama najua kuimba, meneja hakuuliza.

Aliyeuliza ni mpiga besi wetu, mkuu wa bendi, tuliyemwita Kiongozi. Siku ya kwanza alisimamisha wimbo kabla sijamaliza ubeti.

"Dogo, unaimba kama mtu aliyeacha maziwa motoni."

Akanieleza kwamba katika rege gitaa halilii mguu unapotua, hulia unapoinuka. Hiyo tuliiita kukata. Mwimbaji naye hukaa nyuma kidogo ya besi, asiikimbize. Nilimjibu kwamba nimeelewa, nikamtajia na chimbuko la mtindo huo. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akasema nikiendelea kukimbia hivi hadi mwisho wa mwezi, atamshauri meneja anirudishe kwenye vitabu vyangu.

Jumamosi akanipeleka kwao, upande wa Buigiri. Mama yake alikuwa anatwanga uwele. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akanitazama kichwani, akataka kujua kama ile ni nadhiri au uvivu tu. Kisha akanipa mchi.

Wawili wakitwanga katika kinu kimoja, mchi wa pili hushuka wa kwanza ukiwa juu. Wangu ulishuka pamoja na wake. Michi ikagongana, uwele ukamwagika, kuku wakashukuru.

"Mjukuu wangu, hakuna anayekunyang'anya," bibi alisema. "Ngoja niinue."

Nikangoja. Kufikia mchana viganja vilikuwa vimejaa malengelenge, nami nilikuwa nikiimba chinichini, nyuma ya mchi wake.

Jumapili ya mwisho ya mwezi, kwenye dansi la mchana, Kiongozi hakunisimamisha hata mara moja. Meneja alipomuuliza, alijibu, "Mwache. Sasa anangoja."

Hakunisifu tena. Tulipiga Msalato, Kibaigwa, Kondoa, miaka ishirini na ushee, mpaka koo langu likagoma. Siku ya kuniaga alikataa kutoa hotuba. Alipiga besi ya wimbo mzima peke yake, na kila palipokuwa pangu akapaacha wazi. Wageni walidhani amesahau.