Tambuu ya Mtangaza Boti

Mtangazaji wa boti pale gatini Sittwe ana matangazo mawili kwa kila safari. La kwanza ni la Kiburma, lugha ya serikali: huitema tambuu kiganjani, hunyoosha kola, husoma polepole kama hakimu, na hanyanyuki mtu. La pili ni la Kirakhine, lugha ya wenyeji: tambuu imejaa shavuni, zile r zikinguruma, na hapo ndipo watu huziacha supu zao za tambi na kukimbilia boti.

Saw Mra Phru, aliyerudi jana akijigamba kwamba miaka ya jijini Yangon haikumbadilisha hata ukucha, alinyanyuka kwa lile la kwanza. Akaketi botini peke yake, juani, kama samaki wa kuanikwa, gati zima likimtazama huku likinywa supu. “We binti!” mtangazaji akamwita kwa Kirakhine. “Hilo lilikuwa la serikali! Shuka ule kwanza!” Saw Mra Phru akajicheka, maana alistahili, akafungua kinywa amjibu kwa lugha ya mama yake. Kikamtoka Kiburma laini cha mjini: “Asante sana, mjomba.” Mtangazaji akamtazama kidogo. Kisha, kwa adabu zote, akaitema tambuu kiganjani.