Neno "Back" na Barua Niliyoisoma Peke Yangu

Nilifika Kigali mwishoni mwa mwaka tisini na nne, miezi michache baada ya vita kwisha. Nilizaliwa Bujumbura, wazazi wangu wakiwa wakimbizi wa Kinyarwanda, na nchi hii niliijua kwa kusimuliwa tu. Nilikuwa na cheti cha kupiga taipu kwa Kifaransa. Katika mtaa wa Muhima, karibu na barabara inayoshuka Nyabugogo, nikapata kazi kwa mfanyabiashara wa saruji na mabati aliyekulia Kampala. Barua zake zote zilikuwa za Kiingereza.

"Unajua Kiingereza?" aliniuliza.

"Kidogo," nikasema. Hata hicho kidogo sikuwa nacho.

Mashine yake nayo ilitoka Kampala. Herufi hazikukaa pale vidole vyangu vilipozoea kuzikuta. Nikibonyeza A inatoka Q. Barua yangu ya kwanza ilikuwa na neno "bqck" mara nne. Bosi aliitazama, akaniambia niende stoo nikasaidiwe.

Msimamizi wa stoo alikuwa dada aliyenizidi miaka kama kumi na mitano, Mnyarwanda aliyekulia Tanzania na kufundisha shule ya msingi huko Ngara. Kinyarwanda chake kilikuwa cha kuombea maji, kwa hiyo tuliongea Kiswahili: chake kimenyooka, changu cha Bujumbura kikimchekesha. Nilimwuliza hilo neno lililonishinda maana yake nini.

"Back ni mgongo," alisema, akajipiga mgongoni. "Ila humu si mgongo. Humu ni kurudisha. Mabati yametoboka, tunayarudisha."

"Na hapa chini?"

"Hapo ni nyuma. Mzigo upitie mlango wa nyuma. Na hapa anasema kuna mtu wa kumuunga mkono, ni back hiyohiyo."

"Neno moja iko mgongo, iko mlango, iko kurudi?"

Alicheka. "Ndivyo lilivyo, mdogo wangu. Tazama maneno yaliyokaa jirani yake, hayo ndiyo yatakuambia."

Tangu siku hiyo, kila mchana tulikaa juu ya mifuko ya saruji na chai yetu, akanifundisha. Katika daftari langu "back" lilipewa ukurasa mzima. Nililisikia hata barabarani. Vijana waliotoka Uganda walikumbatiana wakiambiana "we are back", yaani wamerudi, na wengi wao walizaliwa ukimbizini kama mimi. Nilimwuliza dada mtu anarudije mahali ambapo hajawahi kufika.

"Hilo usiniulize," alisema. "Na mimi nimerudi hivyohivyo."

Sikumwambia mapema kilichonileta Kigali. Baba alikuwa na dada mmoja tu. Wazazi wao walipokimbia, yeye alikuwa ameshaolewa, akabaki. Aliishi Kabeza, si mbali na barabara ya uwanja wa ndege, akiuza sabuni na chumvi kibarazani. Kila mwaka alimwandikia baba. Barua ya mwisho ilifika mwezi wa kwanza, kisha kimya.

Jumapili yangu ya kwanza nilikwenda Kabeza. Nyumba niliikuta, ila ndani mlikuwa na familia iliyotoka Burundi kama mimi. Mama wa familia hiyo alinifungulia mtoto akiwa kifuani.

"Tulikuta iko wazi," alisema kabla sijamwuliza kitu. "Hatukufukuza mtu."

Jirani, bibi mmoja aliyebakia pale, aliniambia kwamba mwezi wa nne alimwona shangazi akitolewa ndani na vijana, pamoja na watu wengine, wakapelekwa chini bondeni. Hakumwona tena. Hakusema amekufa. Hakusema yuko hai.

Kulikuwa na shirika la wageni lililotafuta watu waliopotea. Nilijaza fomu yao kwa Kifaransa: jina la shangazi, umri, kovu la moto mkononi. Wiki zikapita. Jibu lilipokuja lilikuwa la Kiingereza, mistari mitatu, na wiki hiyo dada wa stoo alikuwa amekwenda Ngara kuchukua watoto wake. Nilijifungia chumbani na daftari langu. Mstari wa mwisho ulisema: "We will get back to you."

"Get" nilishafundishwa: kupata. "Back," kurudisha. "To you," kwako. Nililiunganisha polepole. Tutampata, tutamrudisha kwako. Nilimtafuta shangazi mwenyewe katika ile sentensi, sikumwona, nikajiambia labda Kiingereza hakina haja ya kumtaja mtu ambaye wote tunamjua.

Nililia kwa furaha hadi mwenye nyumba wangu akabisha hodi. Kesho yake nikamtuma dereva wa lori anayekwenda Bujumbura amwambie baba: wamempata. Nikanunua godoro la pili, blanketi, na kanga mbili.

Sikumwita baba. Alikuja mwenyewe, kabla wiki haijaisha, mzee wa miaka sabini, katika njia ambayo siku zile hata vijana waliiogopa. Alimbebea dadake ndagala, yaani dagaa wakavu, na mafuta ya mawese.

"Iko wapi?" aliuliza kabla ya kuketi.

"Bado, baba. Watamleta."

Siku tatu alikaa kwenye kigoda mlangoni pangu. Kila asubuhi alinyoa ndevu.

Jumatatu dada wa stoo alirudi. Nilimpa barua nikitabasamu. Aliisoma, akaisoma tena ingawa ilikuwa fupi.

"Nani amekusomea hii?"

"Mimi mwenyewe."

Alikaa chini. "Mdogo wangu. Wanasema wamepokea fomu yako. Wanaotafutwa ni wengi. Wakipata habari yoyote watakuandikia. Basi."

"Na get? Na back?"

"Zikikaa pamoja hivi, hazimpati mtu wala hazimrudishi. Ni kujibu tu. Watakujibu."

"Lini?"

"Hawakusema." Akanishika mkono. Alijitolea kuja nami nyumbani. Nilikataa, nilitaka aibu yangu niibebe mwenyewe.

Baba alinisikiliza hadi mwisho.

"Kwa hiyo hawajamwona," alisema.

"Hawajamwona."

"Hata kuanza kumtafuta?"

"Sijui, baba. Nisamehe."

Nilitamani anigombeze. Alisema tu, "Hata mimi ningesoma hivyo," kisha akaomba nimpeleke Kabeza.

Yule mama alimpa baba kiti, akawa mgeni katika nyumba ya dadake. Baba aliuliza shangazi alikuwa analala chumba kipi. Mama hakujua. Baba akatazama kuta, zilizokuwa zimepakwa rangi mpya, akauliza kama walikuta picha au karatasi yoyote. Hakukuwa na kitu. Ndagala na mafuta tuliviacha pale, maana vingekwenda wapi. Mama yule alivipokea kwa mikono miwili, akilia, na baba ndiye aliyembembeleza.

Baba aliondoka kesho yake. Dirishani mwa basi hakunipungia mkono. Alikuwa ameegemeza kichwa kwenye kiti cha mbele, na sijui kama alijua bado nimesimama pale.

Shirika halikuandika tena. Nilikwenda ofisini kwao mara mbili. Mara ya pili karani alinionyesha rafu ya mafaili iliyofika darini, akaniuliza, kwa upole kabisa, kama nataka kusubiri.

Baba alifariki miaka miwili baadaye. Shangazi hatukupata mahali pa kumzika wala siku ya kumwombea misa. Kila mwezi wa nne kaka yangu hunipigia simu kutoka Bujumbura kuuliza padri aambiwe tarehe gani. Nami humtajia tarehe yoyote inayonijia, kila mwaka nyingine, na hakuna hata siku moja aliyoniambia kwamba nimekosea.