Karatasi za Mwalimu Somoe

Juzi nilimsikia ofisa mmoja akijisifu kwamba shule zilipofungwa kwa korona, masomo yalimfikia kila mtoto redioni. Nilikasirika. Kijijini kwetu, ndani kutoka mji mdogo wa Mingoyo, hatukuwa na redio.

Mchana mmoja wa siku hizo mama alikuwa akikaanga ufuta, nyumba nzima ikinukia, Mwalimu Somoe wa shuleni kwetu akatokea kwa miguu. Nilijificha nyuma ya mlango, nikidhani kaja kunichapa kwa utoro wangu wa kabla shule hazijafungwa.

“Toka, mwanangu,” aliniita. “Nimekuletea hesabu.”

Maswali aliyaandika kwa mkono, kila mwanafunzi karatasi yake. Alikaa mkekani akanisahihishia, miguu imemvimba.

Nilidhani ametumwa na wakubwa. Leo najua hakuna aliyemtuma, na shule zilipofunguliwa, wakubwa hao walimpa barua ya onyo kwa kuzurura majumbani wakati wa korona.