Darasa Moja na Baba

Wenzangu walisindikizwa chuoni na baba zao, wakaagwa getini. Mimi wa kwangu alinisindikiza, akaingia na yeye, akakaa dawati la pili. Nilikuwa na miaka ishirini, na sikufichi, nilitamani ardhi ipasuke.

Baba alikuwa fundi wa mashine ya kukamua alizeti kwetu Ulemo. Mwenye mashine alikuwa ameagiza mtambo mpya, akasema wazi kwamba atakayeushika ni mwenye cheti cha chuo, asiye nacho atabaki kubeba magunia. Magunia, na mgongo wake ule! Ndiyo tukaja wote wawili Singida Mjini, tukafikia Utemini kwa mama mdogo, tukaandikishwa kozi moja: teknolojia ya viwanda, na humo humo Kijapani cha kusomea mashine za huko, kusoma, na stadi za maktaba.

Karakanani baba alikuwa kwake. Baba alitega sikio kwenye injini, akasema, "Beringi ya huku imekwisha," na mwalimu akifungua anaikuta imekwisha kweli. Vijana wakaanza kumwita Profesa, wakawa wanapanga foleni kumpa shikamoo kila asubuhi. Nami nikaanza kujidai kwamba yule ni baba yangu.

Siku ya kwanza ya somo la kusoma tuligawiwa karatasi ya kanuni za usalama, kila mtu asome mstari wake. Baba akaisukuma kwangu. "Nisomee, mama. Miwani nimeisahau."

Mimi mdomo wangu hauna breki. Nikasema kwa sauti, "Baba nawe! Miwani si hiyo mfukoni?"

Darasa likacheka. Baba naye akacheka, akaitoa miwani, akaivaa, akaitazama ile karatasi. Akaitazama sana. Mwishowe mwalimu akampita, akaenda kwa mwingine.

Jamani. Nimeishi na mtu huyu maisha yangu yote. Ndiye aliyekuwa akisaini ripoti zangu za shule, akiniambia, "Hapa ongeza bidii." Kumbe alikuwa akitazama tarakimu tu, maneno hayajui. Aliacha shule darasa la pili akachunge ng'ombe, na nyumbani hakuna aliyewahi kumwuliza lolote. Jioni ile nikamwomba radhi. Akasema, "Hujakosea. Miwani ilikuwa mfukoni kweli."

Kilichomfungua, huwezi kuamini, ni Kijapani. Mwalimu wa somo hilo alikuwa Mtanzania mwenzetu aliyesoma huko huko Japani, akatuandikia ubaoni alama za ka, ki, ku, ke, ko. Darasa zima tukawa watoto wa chekechea. Wale wajuaji wa Kiingereza, vidole kwenye mstari, jasho linawatoka! Baba akatazama kushoto, akatazama kulia, akaona hakuna anayemzidi. Akaanza kusoma kwa sauti kuliko wote. Kumbe alama zile alikuwa akizipangusa mafuta miaka mingi kwenye injini ya Ulemo. Siku moja akaniita karakanani, akaweka kidole kwenye kibati cha injini, akasoma alama mbili tatu, akacheka mpaka machozi. Nikamwambia, baba, kama hizi umeziweza, za kwetu zitakushindaje? Akaanza kuokoteza maneno ya Kiswahili, moja moja. Yalikuja, ila kwa mwendo wa kinyonga.

Na mtihani umekaribia. Wa maktaba ulikuwa hivi: unapewa namba, unakwenda kwenye rafu kukitafuta kitabu chenye namba hiyo, kisha unasoma ukurasa wa kwanza mbele ya wenzako. Ukishindwa kusoma, cheti hupati, hata kama karakanani wewe ni mfalme. Mimi nilikuwa namsaidia mwalimu kupanga vitabu, nikaiona namba ya baba mapema. Kitabu cha utunzaji wa injini. Nikaunakili ule ukurasa, na kule kwa mama mdogo nikawa namsomea, yeye ananifuatisha, jioni nne, mpaka akaumeza wote. Hakunikatalia. Hakufurahi pia. Mimi nilidhani ni hofu ya mtihani.

Siku yenyewe alikipata kitabu upesi, akakifungua, akaanza. Alitiririka! Mwalimu akainua kichwa. Wenzetu wakatazamana. Mimi nahesabu mistari, bado sita, bado mitano. Baba akanyamaza.

"Mwalimu," akasema, "ukurasa huu nimeukariri. Nipe mwingine."

Nilitaka kulia kwa hasira. Mzee huyu ana nini? Cheti si kilikuwa mkononi tayari! Mwalimu akamwuliza nani aliyemwonyesha kitabu kabla ya siku.

"Kosa ni langu," baba akasema, na hakunitupia jicho hata kidogo. "Lakini mtambo ule utakuja na maandishi yake. Nayo nitakaririshwa na nani?"

Mwalimu akakichukua kitabu, akakifungua katikati, akamrudishia.

Safari hii kidole kilishuka kwenye karatasi. Neno la kwanza lilichukua muda mpaka mtu akakohoa. La pili likafuata. Kengele ya chai ikalia, hakuna aliyeinuka. Kuna neno lilimgomea. Mimi nilikuwa nimeshalijua, limenifika kabisa kwenye ulimi, nikang'ata midomo. Akalikata vipande vipande, akaliunga, akalipata, akaendelea. Alipofika nusu, mwalimu akasema kwa upole, "Inatosha, mzee wangu. Umefaulu."

"Bado," baba akasema. "Sijafika chini."

Nikajifunika uso kwa daftari, maana machozi yalikuwa yananitoka bila aibu. Yalikuwa maneno ya grisi na boliti tu, si kitu cha kumliza mtu. Lakini ilikuwa ndiyo mara ya kwanza baba yangu kunisomea kitu.