Msimu wa Kwenda Pemba

Nyumbani kwetu Mchafukoge, Pemba tulikuwa tunaenda kila msimu, kwa maneno. Mama kazaliwa huko. Bibi, mama yake, macho yalikuwa yanafifia, na kila akipiga simu alisema lile lile: "Waleteni hao watoto niwaone, wakati bado naona."

Baba aliuza vitambaa Kariakoo, na hakuna msimu aliokosa sababu. Kaskazi bahari shwari, lakini shule zinafunguliwa na watu wanataka vitambaa vya sare. Masika, nani mwenye akili zake anapanda boti? Kipupwe upepo mkali, halafu wenyewe wako kwenye karafuu, tutawasumbua. Vuli, harusi. Mimi na dada yangu tulimwigiza tukacheka hadi mbavu zikauma. Na bado, nikikumbuka jioni zile, mama akituhadithia karafuu zinavyoanikwa barabarani hadi gari linapunguza mwendo, natamani nizirudie.

Chini ya kitanda kulikuwa na sanduku la zawadi, maana kwao mtu haingii mikono mitupu. Mama alilijaza kanga taratibu, doti moja moja, ya bibi ikiwa juu kabisa. Siku moja tukalikuta limepungua. Baba alikuwa amepata mteja kutoka Ilala anataka kanga za rangi fulani, dukani zimekwisha, akakumbuka sandukuni zipo.

"Mteja kaja, mama watoto, ningemwambia nini? Kesho nakuletea nyingine."

Asubuhi yake, mvua ya masika ikinyesha kama imetumwa, mama alitushika mikono tukaenda bandarini na sanduku nusu tupu. Nilitapika mpaka Unguja, na kutoka Unguja nikatapika tena mpaka Mkoani, Pemba.

Bibi alitusimamisha mlangoni penye mwanga, mmoja mmoja, akatutazama bila haraka.

"Huyu ana kovu kwenye nyusi," alimwambia mama. "Mbona hukunambia?"

Mama alicheka huku analia. Zawadi hakuna aliyeziulizia.

Kaskazi iliyofuata baba alifunga duka, jambo ambalo majirani walidhani ni msiba. Bahari ilikuwa imetulia kama maji ya beseni, na mizigo ilikuwa mingi hadi tukatafuta wapagazi. Njia nzima alikuwa anatuambia, mnaona, safari inataka msimu wake.

Bibi alikuwa amekaa kwenye mkeka. Aliposikia sauti ya baba alinyoosha mikono, akampapasa uso polepole, paji, mashavu, kidevu.

"Mkwe wangu," alisema, "ndevu zako bado nyeusi?"