Kofia Niliyotoka Nayo kwa Bi Zuwena

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, wekeni simu chini kidogo, hazitakimbia. Mnaringa na vyuo vyenu vya ghorofa. Enzi zetu chuo chetu cha ushoni kilikuwa ukumbi wa Bi Zuwena, mtaa wa Kiponda. Wasichana saba, mkeka mmoja, harufu ya mkate wa mofa inapanda kutoka kwa jirani na matumbo yananguruma. Tulitoboa vitundu vya kofia, tukavizungushia uzi kimoja kimoja, mpaka macho yakatoka machozi. Bi Zuwena hakuwa na karatasi ya kueleza madhumuni ya chuo. Alikuwa na neno moja: "Haondoki mtu hapa na kitu nusu." Ukilegeza uzi, anaufumua wote mbele ya wenzako. "Hii ataivaa mbuzi?" Tunacheka, mwenye kofia analia.

Mimi niliondoka na nusu. Mzunguko wa kofia nshaumaliza, imebaki sehemu ya juu, mama akaanguka kitandani. Baba akasema, "Binti yupo, nani mwengine amuuguze?" Nikenda kumuaga Bi Zuwena. Hakunigombeza. Alinifungia ule mzunguko kwenye kitambaa, akageuza uso. Mama aliugua miaka. Alipokufa, wenzangu wanashona na kuuza, mimi mkono ushasahau.

Sasa mjukuu wangu Rukia anasomea uuguzi chuo kidogo cha watu binafsi, kule Amani, vyumba vitatu juu ya duka la vyombo. Ukutani wameandika kwamba kila kijana atoke na ujuzi mkononi. Maneno marefu, lakini ni yale yale ya Bi Zuwena. Amebakisha muhula mmoja.

Miguu yangu haininyanyui tena. Juzi nilimsikia baba yake, mwanangu Haji, anamwambia ukumbini: "Acha chuo kwanza. Si unasoma uuguzi? Basi mgonjwa huyo ndani."

"Naam, baba," Rukia akajibu, kwa sauti niliyomjibia baba yangu mimi. Siku hizi vijana mna ndimi ndefu, kila kitu mnajibizana na wakubwa. Siku ulimi ulipotakiwa, wa Rukia haukutoka.

Nikawaita wote. Nikataka kile kitambaa sandukuni, nikamvisha Haji ule mzunguko. Ukamkaa sawasawa, utosi uko nje. Hakucheka mtu.

Nikasema: "Kesho asubuhi Rukia anakwenda chuoni. Mimi niwekeeni maji karibu na kitanda, mlango muuache wazi, mwende zenu."