Kopo la Pomade Nyeupe

Dispanseri ya mtaa wetu haikugawa pomade, ile dawa ya kupaka ngozi, bila kopo. Ulibeba la kwako, muuguzi akachota pomade nyeupe na kijiti, akakutilia. Goma yote tulizoea hivyo wakati ule wa Zaïre, na mimi sikuona ubaya wake, mpaka matako ya binti yangu yalipokuwa mekundu kama pilipili.

Alikuwa mtoto wangu wa kwanza, hata jino hajaota. Kila nilipomfungua vitambaa alijikunja na kulia mpaka sauti ikakauka, nami nikazunguka naye nyumbani, mlango huu, mlango ule, sijui nikae wapi. Muuguzi alimtazama, akaniita kama walivyoitwa wanawake wote wakati ule, "Citoyenne, ni mukojo inamuchoma. Umuoshe na maji tu, umukaushe polepole, umuache wazi kidogo apate hewa. Kisha pomade, kidogo. Ngozi ikipasuka ao ikitoa maji, umurudishe hapa."

Nilifanya hivyo. Vitambaa nilivisuuza mpaka sabuni ikatoka yote, na maji hayo niliyapandisha kichwani kutoka ziwani. Nilivianika kwenye kamba, si juu ya mawe meusi ya uani, maana vumbi lake linakwaruza. Wekundu ukaanza kupungua. Halafu ukarudi, mbaya kuliko mwanzo, ngozi inang'aa kama imemwagiwa maji ya moto.

Wifi yangu, dada ya mume wangu, alikuwa anakaa kwetu kila anaporudi kutoka Bunagana, mpakani mwa Uganda, alikonunua vitenge vya kuuza na pomade za kung'arisha uso.

"Ni maziwa yako," aliniambia. "Iko moto. Weye mama unakasirika kila siku, mutoto atanyonya nini?"

Mume wangu akainamia sahani yake. Katika nyumba ile, mtoto akiugua, mwenye kosa alikuwa anajulikana tayari.

Asubuhi moja nilifungua kopo, harufu ya maua ikanijia puani. Pomade ya dispanseri haina maua. Nilichota kwa kidole, nikaona unjano ndani ya weupe. Harufu ile niliijua. Ilikuwa ya uso wa wifi yangu. Wanawake wengi walichanganya pomade, hii na ile katika kopo moja, kila mtu na mchanganyo wake. Lakini walijipaka wao wenyewe.

Nilimkuta uani anajisuka.

"Uliweka nini mu kopo ya mutoto?"

Hakuficha. "Kidogo tu. Ile vidonda ingebakisha alama nyeusi. Ni mutoto mwanamuke, utanishukuru."

"Ile inachubua mutu mukubwa. Sasa mutoto?"

"Mama wa masomo, unajua yote. Miye inanichubua? Niangalie basi."

Nilimwangalia vizuri. Mashavu yalikuwa mekundu kama nyama ya papai, vifundo vya vidole vimebaki vyeusi.

"Ndiyo," nikasema. "Inakuchubua."

Pomade ile niliitupa chooni pamoja na kopo lake. Mtoto nilimrudisha dispanseri. Muuguzi alinipa pomade nyingine katika kopo la maziwa ya unga nililolichemsha na kulikausha, akasema nipake nyepesi juu ya ngozi kavu, nisiongeze kitu chochote. Tangu hapo kopo lilitembea nami, nimelifunga kwenye pindo la kitenge. Mume wangu aliniomba nimsamehe dada yake. Nikamuuliza kama matako yaliyochomwa ni ya kwake.

Ngozi ilipona polepole. Siku binti yangu alipofunguliwa vitambaa bila kulia, nilikaa chini kwa mara ya kwanza.

Wifi alisimama mlangoni, kitambaa amejifunika mpaka machoni. Jua lilikuwa linamchoma mashavu, akashindwa kwenda sokoni.

"Mama," akasema taratibu, "unipatie kidogo ya ile nyeupe."

Hasira yangu ilikuwa ingali nzima. Nilifunga kopo la mtoto, nikalirudisha katika pindo.

"Dispanseri iko wazi," nikamwambia. "Beba kopo yako. Na uioshe kwanza."